Kimea Katika Kabati la Joto

Ngoie mwanangu,

Macho yangu ni mazima. Nimeanza na hilo ili hata ukikasirika ukaitupa barua hii baada ya mstari wa kwanza, uwe umeshapata la maana. Hayajaugua siku hata moja. Ninaandika hapa mezani karibu na mlango, bila miwani, kwa mwandiko mdogo kama unavyouona, na nikiinua kichwa ninasoma bila shida maandishi ya mfuko wa unga ulioko kule jikoni.

Sasa kaa chini usome yaliyobaki.

Umetoka na mama yako kwenda soko la Kikula kumrudishia mchuuzi lile sanduku ulilonunua kwa safari. Jana ulitangaza mbele yetu kwamba Lubumbashi huendi tena, udaktari wa wanyama utangoja, na Jumatatu utaanza kazi ya daktilo, ya kupiga chapa, katika ofisi za Kampuni hapa Panda. Tulipokuuliza sababu ulisema maneno matatu tu: "Nani atamusomea papa?" Nikamega tonge jingine la bukari. Mama yako akaniangalia mpaka nikalirudisha sahanini. Leo asubuhi, ulipokuwa ukioga, aliniwekea kikombe cha chai kwa kishindo.

"Bon. Minye nimechoka," alisema. "Miaka kumi na mbili ninaficha. Leo utamwambia weye mwenyewe, ao nitamwambia minye mu njia."

Tumekubaliana akucheleweshe sokoni kwa kumsalimia kila mtu anayemjua, kazi ambayo haitamchosha hata kidogo, nami nimalize kuandika kabla hamjarudi. Treni ni kesho. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini nimejaribu mara nyingi, na kila mara ulimi umenigeuka nikaishia kuuliza kama kuna sukari.

Wewe unanijua kama mtu wa mazizi, mwenye buti za mpira na toroli la mbolea. Huenda unalikumbuka kwa mbali koti jeupe. Nilikuwa mtu wa maabara. Kampuni ilikuwa na shamba la ng'ombe nje ya mji, la kulisha nyama makambi ya wafanyakazi wa mgodi, na majike walikuwa wengi kwa fahali mmoja wa Ulaya. Kwa hiyo hatukumwachia awapande mwenyewe. Tulikinga shahawa yake, tukaichanganya na kiini cha yai na dawa ya kuua vijidudu, tukaigawa katika vichupa na kuiweka kwenye baridi, kisha watu wa shamba wakawatia majike kwa mrija. Usione haya kuyasoma haya kwa mkono wa baba yako. Huko uendako watakufundisha hayohayo mbele ya wavulana.

Mwangalizi wa fahali alikuwa Papa Kaumba, huyuhuyu jirani yetu wa nyumba ya tatu. Fahali alikuja kutoka Ulaya na jina la Gaston. Mwaka serikali ilipotuamuru wote kuacha majina ya ubatizo, Papa Kaumba alisema hata fahali ni raia, akambatiza upya, akawa Citoyen Mukulu. Yeye Kaumba alimwosha, akamleta, akashika bomba la kukingia, ambalo lina ngozi ya mpira ndani na maji ya uvuguvugu. Kisha bomba likaja kwangu. Mimi niliosha vyombo, nilichanganya dawa, nikaangalia tone moja kwenye mikroskopu kuona kama mbegu zinakimbia. Vyombo vya kioo nilivichoma kwa joto kali. Mpira hauvumilii joto hilo, kwa hiyo niliusuuza kwa spiriti na kuukausha polepole katika kabati la joto, étuve, lililokuwa pembeni ya meza yangu. Kabati hilo ndilo lililoniponza.

Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na siku ya kumaliza matanga ilikuwa imekaribia. Kaka yangu mkubwa akasema pombe ya matanga hainunuliwi baa. Mahindi yachipushwe, yakaushwe na kupikwa ndani ya nyumba ya mtoto wa marehemu, na kwa kuwa mwenye mshahara na nyumba ya Kampuni nilikuwa mimi, nyumba ikawa yangu. Mama yako akaloweka mahindi, akayafunika, yakachipua vizuri kabisa. Ikabaki kuyakausha yawe kimea. Ulikuwa mwezi wa kwanza, na mvua ya hapa Likasi ya mwezi wa kwanza unaijua. Wiki nzima mkeka ulikaa chini ya upenu, na kimea kikaanza kunuka uvundo na kuota manyoya ya kijani. Mama yako alilia kwa hasira. Mimi, mwenye akili zangu, nilichambua kilichokuwa na nafuu, nikakitia katika gunia, nikaenda nacho kazini.

Kikakauka. Pombe ikasifiwa. Kaka yangu, ambaye hasifu kitu, alisifu. Kama ningeishia hapo nisingekuwa na cha kukuandikia leo. Lakini wanawake wakamuuliza mama yako alikaushaje kimea katika mvua ile, naye siri hiyo ikamshinda. Wiki iliyofuata mmoja akaleta gunia lake, kisha wawili, na mpaka mvua inaelekea kwisha, kimea cha harusi, cha ubatizo na cha matanga ya nusu ya kambi kilikuwa kimepita katika kabati lile, gunia rafu ya juu, mpira wa fahali rafu ya chini. Hata mvua ilipokwisha waliendelea kuleta. Sikuchukua kitu kwa mtu. Nilipenda tu kuitwa. Waliniita Papa Labo, baba wa maabara, nami nilipita kambini kidevu juu. Niliona raha kuwa mtu asiyesema hapana, na raha hiyo ilinitoa akili kabisa.

Mwezi wa tatu ng'ombe wakaanza kurudi. Ndivyo tulivyosema: jike aliyetiwa mbegu akitaka dume tena baada ya wiki tatu, amerudi, hakushika. Wachache wakirudi hakuna anayeshtuka. Safari hii walirudi kwa makundi, na baadhi ya walioshika wakatupa mimba. Daktari wa mifugo, kijana aliyetoka masomoni juzi tu, akasema fahali amekwisha. Citoyen Mukulu akachinjwa, nyama ikagawiwa makambini. Tulimla, mwanangu, kwa bukari na mboga ya sombe. Wewe uliomba mfupa wa pili.

Akaletwa fahali mwingine, kijana, mzima wa afya. Ng'ombe wakaendelea kurudi.

Hapo lawama ikaanza kumtafuta mtu. Ofisi ikasema ni Papa Kaumba, hamwoshi fahali, mikono yake michafu. Akapewa mpaka mwisho wa juma: atasaini karatasi ya kuondoka kazini na kuiacha nyumba ya Kampuni, yeye na mkewe na watoto saba.

Juma hilohilo nilirudi kutoka mazikoni kijijini kwa akina mama yako, nilikokaa siku nne. Juu ya meza nikakuta kichupa nilichokisahau, chenye shahawa iliyobaki. Kilikuwa kimeota manyoya ya kijani. Nilipokifungua, harufu iliyotoka niliijua kabla sijafikiri. Ilikuwa harufu ya mkeka wa mama yako.

Nikaweka tone chini ya mikroskopu. Nikaona nyuzi, ndefu, zenye matawi, na kwenye ncha zake vichwa vidogo kama vifagio. Mbegu za fahali zilikuwa zimenasa humo, hazisogei. Lilikuwa kuvu, lilelile la kimea. Dawa yetu ilikuwa imefanya kazi yake, imeua vijidudu vyote, na kuvu, ambalo dawa ile hailigusi, likabaki peke yake na kiini cha yai cha kula. Kila asubuhi nilikuwa nikiangalia mbegu mbichi, zinakimbia, nikatia alama, nikaridhika. Kilichoota ndani ya kichupa siku ya pili na ya tatu sikuwahi kukitazama. Na mpira uliokipeleka mle niliukausha kwa mikono yangu.

Utauliza nilifanya nini. Nilifuta kioo, nikatia kichupa mfukoni, nikaja nyumbani kula. Nilikaa kimya siku mbili. Nilijiambia Kaumba ana ndugu mgodini, atapata kazi nyingine. Nilijiambia mimi nina mtoto. Yeye alikuwa nao saba, lakini hesabu hiyo niliiruka.

Siku ya tatu alikuja hapa na kuku chini ya kwapa. Alikataa kukaa.

"Weye uko muntu ya masomo," aliniambia. "Uniandikie barua ku bureau, ya kifalanse ya muzuri. Useme minye ninanawisha ile ngombe kila asubui, na sabuni. Useme niko na batoto saba."

"Nitaandika, Papa Kaumba."

"Useme minye hapana muchafu."

Akaniachia kuku, akaenda. Mama yako, ambaye hakujua chochote, akamchinja jioni hiyohiyo. Nami nikaandika barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika maishani, yenye Kifaransa cha kuvaa suti. Nilipofika pale pa kusema kwamba mtu huyu ni msafi na hana hatia, kalamu haikusita. Hilo lilinitisha. Nilidhani mtu mwovu hujisikia mwovu. Mimi nilijisikia mwandishi mzuri.

Asubuhi yake Papa Kaumba aliniomba nimsindikize ofisini, nimweleze Kifaransa cha ile karatasi. Daktari aliisoma barua mpaka mwisho.

"Belle lettre," akaisifu. "Lakini ng'ombe hazisomaka barua."

Akasukuma karatasi na kalamu upande wa Kaumba. Kaumba akaichukua kalamu, akaniangalia nimwonyeshe pa kusaini, maana ndiyo kazi iliyonileta pale. Na kidole changu, Ngoie, kilikuwa kimeshafika juu ya karatasi.

"Daktari, ni minye," nikasema. "Hapana Papa Kaumba. Ni minye."

Nikatoa kichupa mfukoni nikakiweka juu ya ile karatasi. Daktari hakuelewa. Nikampeleka kwenye mikroskopu, akaona, akaniuliza vitu hivi vimetoka wapi. Nikafungua kabati. Mlikuwa na gunia la kimea cha harusi, ambalo mwenye harusi alilileta nilipokuwa safarini, na yule aliyenishikia zamu akalipokea kama mimi nilivyokuwa nikiyapokea.

"Hii ni nini?"

"Kimea, Daktari."

"Kimea ya nini?"

"Ya pombe."

Alikaa kwenye kigoda. Alicheka kwanza, akacheka mpaka akavua miwani yake ya kweli akaipangusa. Kisha akamkumbuka fahali, akaanza kunipigia kelele, na zile kelele nilizipokea zote kwa sababu zilikuwa zangu. Mwishowe akaichana karatasi ya Kaumba. Mimi sikufukuzwa, kwa kuwa nilijisema mwenyewe kabla ya kukamatwa, lakini maabara nisiikanyage tena. Nivue koti palepale, niende mazizini.

Nilitoka nje bila koti. Siwezi kukueleza nafuu niliyoiona pale uani. Nilikuwa nimepoteza kazi niliyoijua kuliko kitu chochote, na mwili wangu ulikuwa mwepesi, nikasikia njaa ya mtu aliyepona malaria. Papa Kaumba akanifuata. Nikangoja anipige.

"Na kuku yangu?" akauliza.

"Tuliikula."

"Yote?"

"Yote."

Akaenda zake. Mwezi mzima hakunisalimia. Siku moja akaja, akakaa kwenye kiti ambacho safari ile alikikataa, akasema kambini hatamwambia mtu, lakini kuku wake anamtaka. Nilimpa wawili. Tangu hapo tumekuwa kama unavyotuona, na sasa unajua kwa nini kila akikukuta unanisomea gazeti hukohoa na kutoka nje. Anakwenda kucheka.

Maana siku ileile ya nafuu, jioni, ulinisubiri mlangoni. Ulikuwa na miaka saba. Uliniuliza koti jeupe liko wapi, kwa sababu ulipenda kulivaa ukaburuza mikono yake chini. Ningeweza kusema lolote. Asubuhi nilikuwa nimesema ukweli mbele ya Daktari, na jioni nikamdanganya mtoto. Nilisema mikroskopu imeniharibu macho, sioni tena maandishi, ndiyo maana nimepewa kazi ya nje. Mama yako aligeuka na sufuria mkononi, akanitazama, akaliachia lipite. Kesho yake majirani wote walikuwa wananihurumia. Ilikuwa rahisi sana. Mbele ya Daktari nilipoteza kazi, lakini mbele yako sikutaka kupoteza hata kidogo.

Nawe ukafanya jambo ambalo sikulitarajia. Ulileta kitabu chako cha shule, ukakaa miguuni pangu, ukasema, "Papa, minye nitakusomea." Ukasoma ukurasa mzima kwa kidole, herufi kwa herufi. Nilijiambia nitakwambia ukweli Jumapili. Jumapili ukanisomea Injili.

Imekuwa miaka kumi na miwili. Magazeti yaliyofungiwa samaki, barua za ndugu, matangazo ya ukutani, vyeti vyako mwenyewe. Kifaransa chako kimekomaa hapa kwenye baraza. Mimi nilinunua miwani Kikula, vioo vyake ni vya kawaida kama vya dirisha, nikajifunza kusogeza kikombe kwa kupapasa. Mara moja ulikosea neno nikakaribia kulisahihisha, nikajifanya ninapiga chafya. Mama yako alitoka nje kwa hasira siku hiyo, si kwa moshi wa jiko kama alivyosema.

Na kuna ile barua ya kaka yangu, baada ya ugomvi wetu wa kiwanja cha baba. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulifungua, ukasoma kimya kidogo, nami kutoka juu ya bega lako nilikuwa nimeshasoma yote. Aliandika nisikanyage kwake mpaka afe. Wewe ulivuta pumzi, ukasoma kwa sauti nzuri: "Kaka yako anakusalimia sana, anasema mvua ni nyingi, anawaza juu yako." Uliitunga hapohapo, mpaka na habari ya mbuzi aliyezaa mapacha. Nililia, ukadhani nimemkumbuka kaka. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekuona mwanangu alivyo, kwa macho haya niliyosema hayaoni. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu. Na sikustahili, ndiyo maana nilishindwa kuacha.

Sikuandikii ule vizuri wala ufunge mlango; hayo mama yako ameshayasema na atayasema tena mpaka treni iondoke. Mimi ninalo hili moja. Nilipokosa kwa kimea, kosa lenyewe nilililipa kwa toroli, nikalimaliza. Fahali yule sikumlipa, na bado humfikiria nikiona mfupa. Lakini huu uongo wa macho niliupenda, na nilidhani haumli mtu. Jana ulipotaja kazi ya daktilo ndipo nilipoona umekula nini. Nilisimama tena ofisini na kidole juu ya karatasi, na safari hii anayesaini ni wewe. Utakapokuwa na maabara yako, watakuletea mchafu wao wa kulaumiwa, aliyekwisha kuchaguliwa. Fungua kwanza kabati lako mwenyewe. Mimi lilinichukua siku tatu na kuku mzima.

Unaruhusiwa kunikasirikia. Kasirika njiani, kasirika huko Lubumbashi, unikasirikie mpaka likizo. Ila usibaki. Kama unataka kubaki kwa sababu unapenda kupiga daktilo, hilo ni neno lako. Kwa ajili yangu, hapana. Sina ugonjwa, sina shida, nina baba yako tu ndani ya ngozi hii, na yeye anajua kusoma.

Mama yako ameniahidi kwamba yule mchuuzi hatalipokea sanduku. Alipita kwake jana kumwomba. Kwa hiyo mtarudi nalo, wewe umenuna, na nitakupa karatasi hizi mkononi. Nimeogopa tangu asubuhi, na sasa ninapofika mwisho sioni tena hofu. Ninaona uani, ninaona jani la mpapai linavyotikisika, ninaona nyinyi wawili kule mwisho wa njia, na sanduku liko juu ya kichwa chako.

Kesho kaa upande wa dirisha. Treni ikianza kwenda utapunga mkono, kisha utauteremsha mapema, ukidhani siuoni tena. Usiuteremshe. Nitakuona mpaka kwenye kona.

Papa yako